Kadi ya Baba

Je, uanachama hurithiwa? Swali huonekana jepesi mpaka liulizwe katika nyumba ambamo kadi ya chama cha wafanyakazi imehifadhiwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na mtoto amelisikia neno "mgomo" kabla hajajua mshahara ni kitu gani. Akikua akajiunga, je, amechagua au amefuata tu?

Milima ya Upare ina jibu lake la zamani. Huko maji hukusanywa katika ndiva, kisha hugawiwa mashambani kwa zamu kupitia mifereji. Siku ya msaragambo wa kuzoa tope, aliyezaliwa katika kundi la ndiva hiyo haulizwi kama anapenda. Asiyefika hutozwa faini. Hakutia saini popote. Deni lake limo katika mahindi aliyokwisha kula.

Hivyo ndivyo mbiru inavyoeleweka. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi hiyo iliyopimwa kwa mali ya mtu, wakapiga kambi kwa miezi. Hapakuwa na kadi wala ada. Wanawake nao waliteremka. Inasimuliwa kwamba walimtaka mkuu wa wilaya ama alimalize shauri, ama awe yeye mume wao, maana ndiye aliyewazuia wanaume. (Wakili gani angeijenga hoja vizuri zaidi?)

Bondeni mambo yalikuwa mengine. Mashamba ya mkonge yaliwakusanya manamba kutoka mbali, watu wasio na mfereji mmoja wala babu mmoja. Hao ndio waliohitaji kadi. Ilipoundwa TFL mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu, na wakata mkonge walipogoma Mazinde mwaka 1958, kwenye njia hiyohiyo ya reli ipitayo Same, wageni walikuwa wakijitengenezea undugu ambao Mpare aliukuta.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, sheria ikaubana mgomo. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mkonge, akapelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na ada ikakatwa kwenye mshahara.

Wapo wasemao kosa la NUTA lilikuwa kulazimisha. Hoja hiyo haitoshi: ndiva nayo hulazimisha. Lakini mgawa maji husimama katika tope lilelile na wenzake, na akijipendelea, jioni hiyohiyo kila mtu huona ni shamba la nani lililolowa. Katibu wa kuteuliwa hakuwa na shamba la kutazamwa.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga, ila inaruhusu chama chenye wanachama wengi kazini kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Wengine huuita wizi. Mwenye ndiva angeushangaa ubishi huo. Yeye angeuliza tu ni nani anayeshika daftari.

Basi mtoto wa mwanachama akisimama mkutanoni kuuliza ada zimekwenda wapi, wazee wasimwambie kwamba amekosa adabu ya nyumbani kwao. Baba yake aliuliza vivyo hivyo, dirishani pa karani wa shamba, siku ya mshahara.