Wadhamini Watano

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayopigiwa kelele. Una mkopo wa nyumba na ghafla pesa kidogo zimekuangukia mkononi. Unaweza kupunguza deni kabla ya wakati wake, au uendelee kulipa pole pole kama mlivyokubaliana, na hizo pesa uzipeleke mahali zikazae. Vijana wa rika langu hapa Eldoret wana jibu tayari, wamelipata TikTok: anayekimbilia kulipa deni ni mshamba. Tajiri hutumia pesa za watu. Kama mkopo unakula asilimia 12 na bondi inalipa 18, haraka ya nini bana?

Na si uongo mtupu. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, riba yake asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Aliyeweka laki nne pale anapata karibu elfu 74 kila mwaka akiwa amelala. Wanaokuonyesha bondi hiyo kwenye simu hawakuonyeshi zilizofuata. Hati za hazina za siku 91, zilizolipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zilikuwa zimeshuka hadi karibu 8 mwaka mmoja baadaye, na riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Tuseme leo upate bondi ndefu ya asilimia 13. Ukitoa kodi ya asilimia 10 juu ya riba hiyo, unabaki na 11.7. Sasa rudi kwa deni. Kila shilingi unayolipa mapema kwenye mkopo wa asilimia 12 inakuokolea asilimia 12, hakuna kodi, hakuna kusali usiku mnada uende vizuri. 12 kwa 11.7. Hesabu iliyokuwa inatuita washamba imetoka sare.

Nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu nyumba ninayoishi ina deni, na deni si langu. Ni la mama.

Nikisema mkopo wa nyumba usifikirie ule wa benki wa miaka ishirini. Kenya nzima, nchi iliyohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019, mikopo ya namna hiyo ni takriban 30,000 tu. Sisi wengine tunajenga kwa Sacco. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliinua kuta kwa mkopo mmoja, akaulipa, akapumua, akachukua mwingine wa kuezeka na kuvuta maji. Vyumba vitatu, Munyaka, na choo cha ndani ambacho wageni huonyeshwa kama vile ni mtoto aliyefuzu. Salio ni 640,000. Riba ni asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalobaki, na kila mwezi elfu 16 na mia nane na kitu zinakatwa kabla mshahara haujamfikia. Imebaki miaka minne. Akienda hivyo hadi mwisho atakuwa amelipa riba ya karibu 169,000 juu ya hilo deni.

Mwaka huu kipande cha babu kule Moiben kiliuzwa, na fungu la mama likawa laki nne. Akiziweka zote kwenye mkopo, atamaliza kwa miezi kama 16 badala ya 48, na riba itakuwa kama elfu 20 tu. Kaka yangu, ambaye yuko Qatar na huwa na ushauri mwingi siku za mapumziko, anasema asithubutu. Aziweke kwenye bondi, mkopo ujilipe wenyewe kutoka kwa mshahara kama kawaida. Kwani Sacco imemuuliza? Mimi niliulizwa kwa sababu ndiye niliye karibu. Niliacha chuo mwaka wa pili na naandikia watu makala kwa malipo, basi nyumbani nimekuwa mtu wa kusoma makaratasi.

Wazee wana methali yao: dawa ya deni ni kulipa. Nimeifikiria sana na naona ni methali ya ujanja. Imetaja dawa, haikutaja dozi wala saa. Inamfaa mama na inamfaa kaka, maana kaka naye hasemi usilipe, anasema lipa kwa ratiba. Kwa hiyo methali haitusaidii hapa.

Kilichonibadilisha mawazo ni karatasi ya mkopo wenyewe. Nyuma yake kuna majina matano, nambari tano za uanachama na sahihi tano. Wadhamini. Walimu wote, wanne wa shule ya mama na mmoja aliyehamishwa. Kama umewahi kukopa Sacco unajua mambo yanavyokwenda. Akiba yako haitoshi kufunika mkopo, kwa hiyo wenzako wanaweka akiba zao juu ya meza pamoja na yako. Ukishindwa kulipa, Sacco inageukia akiba zao. Na hata usiposhindwa, ukiwa unalipa kila mwezi bila kukosa, kiasi walichoweka kimefungwa. Mdhamini hawezi kukitoa akaondoka, na hawezi kukitegemea akichukua mkopo wake. Kwa Sacco ya mama kamba hiyo inafunguka salio likishuka hadi kiwango cha akiba yake mwenyewe, ambayo ni 280,000. Hapo anajidhamini na wengine wako huru.

Mmoja wa wale watano anastaafu Desemba. Alikuja nyumbani Jumapili moja, nikampikia chai. Waliongea habari za mahindi, bei ya gunia, mvua iliyokataa kuacha. Waliitana Mwalimu, Mwalimu, kama wanavyoitana miaka yote, utadhani hawana majina. Alisifu tangi jipya la maji. Akaaga. Mama alimsindikiza hadi kwenye boda, akarudi na kukaa kimya.

“Hakuja kunywa chai yule,” akasema.

Anataka kutoa akiba yake anunue ng'ombe wa maziwa ahamie kwao Turbo. Ameambiwa alete mtu wa kuchukua nafasi yake kwenye mkopo wa mama, au asubiri. Hakusema neno hata moja kuhusu hilo. Angesemaje? Kumwambia mtu anayelipa kwa wakati “lipa haraka” ni kumtukana. Ni kama kumwambia humwamini. Basi alisifu tangi.

Nilimpigia kaka nikamweleza. Jibu lake ni zuri na sitaki kulidharau. Alisema: walitia sahihi wakijua. Karatasi haisemi “hadi siku utakapopata pesa”, inasema hadi mwisho wa mkopo. Mama hajachelewa hata mwezi mmoja. Kila mtu anapata kile alichoahidiwa. Akiwa na laki nne au akiwa na shilingi nne, ahadi ni ile ile.

Kisheria hana kosa. Lakini swali langu ni kwa nini walitia sahihi. Si kwamba walipewa kitu. Mdhamini wa Sacco halipwi hata soda. Walifunga akiba zao kwa sababu mama hakuwa na njia nyingine ya kupata paa. Walidhamini shida. Sasa shida imepungua, ufunguo wa kufuli anao mama mwenyewe mkononi, na tunajadiliana kama afungue au autumie kupata faida. Mkopo ni ule ule, ila kilichokuwa ulazima kimegeuka kuwa chaguo, na chaguo hilo linafanywa juu ya mali ya watu ambao hawako kwenye mazungumzo.

Nilimuuliza kaka kitu kimoja: bondi ikilipa, mama atawagawia wale watano? Akacheka. Sasa ikiwa faida ni yetu peke yetu, na mambo yakiharibika akiba zinazoliwa ni zao pia, hiyo pesa ya watu inayosifiwa TikTok ina majina. Nyuma ya karatasi yetu ni matano. Wale matajiri wa video hukopa benki, wanaweka rehani jengo. Hatari inabebwa na jengo. Kwetu hatari inabebwa na mwalimu wa darasa la nne.

Kuna mtu ataniambia, hata kwa faida ni heri kulipa, maana kesho mama atahitaji wadhamini tena na jina zuri ni mtaji. Ni kweli, ila siipendi hoja hiyo. Ukishamtendea mtu wema kwa sababu utamhitaji, umerudi kwenye bondi, umebadilisha tu mahali pa kuweka pesa. Mwalimu anayestaafu hatamdhamini mama tena. Anaenda Turbo. Kama sababu yetu ni kesho, yeye hatuhusu. Na mimi naona anatuhusu kuliko wote.

Mpinzani mkubwa wa hoja yangu hakuwa kaka. Alikuwa mama, na alisema sentensi moja tu: “Pesa iliyo ukutani huwezi kukimbia nayo.”

Kama hukukulia hapa hutaelewa uzito wake. Siku hizi tunaitwa jiji, tulipewa hati Agosti 2024, kuna maghorofa ya wanariadha kila kona. Lakini Januari 2008 nyumba ziliteketezwa katika mji huu na viungani mwake, na maelfu ya watu wakalala kwenye hema uwanja wa maonyesho. Mama alikuwa na mwenzake shuleni aliyepoteza nyumba wiki hiyo. Mkopo haukuungua. Mshahara uliendelea kukatwa kwa ajili ya kuta ambazo hazikuwepo. Mama anakumbuka kwamba waliokuwa na pesa benki walianza upya kabla ya wale waliokuwa wamemaliza kulipia nyumba zao. Kwa hiyo akishika zile laki nne na kusita, hafikirii asilimia 18. Anafikiria usiku.

Hapo nilinyamaza, na bado sina jibu la kumshinda. Nadhani kuna tofauti kati ya kumfanya mdhamini angoje kwa sababu unaogopa na kumfanya angoje kwa sababu unataka faida. Hofu ni aina ya shida, na shida ndiyo waliyoidhamini. Lakini hata hofu ina kipimo. Ni hofu ya laki ngapi? Kuwaweka watu watano chini ya kufuli ili mmoja alale vizuri, na mmoja wao akiwa na Desemba yake, inahitaji sababu zaidi ya kusema ndivyo tulivyoandikiana. Sacco zenyewe si ngome. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2025 kuhusu KUSCCO, muungano ambao Sacco nyingi ziliweka pesa zake, ulitaja hasara ya shilingi bilioni 13.3. Anayetaka kutoa akiba yake siku hizi haombi anasa.

Kaka hakukosa kunirudia. Na wewe je, HELB? Nina deni lao, kuacha chuo hakulifuti. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, si rahisi kijana kupata pesa ya bei hiyo kwingine Kenya, na nalipa kiwango cha kila mwezi, sizidishi hata mia. Pesa zinazorudi HELB hukopeshwa wanafunzi wengine. Kwa hiyo kuna mtu anangoja pia, yuko mahali na barua yake ya kuitwa chuoni, na mimi nalipa kwa ratiba huku nikimhubiria mama. Nimejiambia kwamba yangu ni tofauti, kwamba hakuna akiba ya mtu niliyoishika, kwamba shilingi zangu elfu mbili za ziada hazifungui mlango wa yeyote kwa jina. Naamini hivyo, kwa sehemu. Sehemu nyingine inashuku kwamba tofauti kubwa ni kuwa huyo hajawahi kuja kwetu Jumapili akasifu tangi.

Jumatatu mama alienda Sacco kuuliza salio kamili na kama kuna ada ya kulipa mapema. Hakuna. Nilimpigia hesabu: 360,000 zinashusha deni hadi 280,000, wote watano wanafunguliwa, anabaki na elfu 40 mkononi. Alisema elfu 40 ni nauli, si akiba. Jioni nilikuta ameandika mwenyewe nyuma ya karatasi, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari: 300,000. Kwa kiasi hicho deni linazidi akiba yake kwa elfu 60, na mdhamini mmoja tu anatosha kuzifunika. Chini yake ameandika jina la mwalimu mdogo kuliko wote, aliyebakisha miaka 20 kazini, na mbele ya jina ameweka alama ya kuuliza. Anasema hatatoa shilingi kabla hajamtembelea huyo kwake na kumuuliza.