Kauli ya Mwongo

Yasimuliwa kuwa Epimenides, mzaliwa wa Krete, alinena kwamba Wakrete wote ni waongo. Wengi hudhani hapo pana fumbo. Hapana! Kama alidanganya, yatosha awepo Mkrete mmoja mkweli, hata akiwa mchunga mbuzi tu. Eubulides wa Mileto, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuziba mlango huo. Mtu akisema, "Neno nisemalo sasa ni uongo," likiwa kweli, ni uongo. Likiwa uongo, ni kweli. Wako wajanja wasemao kuwa hakunena neno lolote. Mbona basi twamfahamu? Mwaka 1933 Alfred Tarski alionyesha kuwa ukweli wa lugha ya hisabati hauna budi kuhukumiwa kwa lugha nyingine iliyo juu yake. Dawa njema kwa hisabati. Lakini juu ya Kiswahili chetu pana lugha gani?