Kosa Lisilo na Mtendaji: Samadi ya Nguruwe na Deni la Nitrojeni

Maadili tuliyorithi yamezoea kosa lenye uso. Tunauliza nani alitenda, alikusudia nini, na nani aliumia kwa tendo lake, kisha tunahukumu. Lakini yapo madhara makubwa ya zama hizi ambayo hayajibu hata moja kati ya maswali hayo kwa urahisi, na upotevu wa nitrojeni kutoka kwenye samadi ya nguruwe nchini China, ambako karibu nusu ya nguruwe wote duniani wanafugwa, ni mmojawapo wa mifano iliyo wazi zaidi. Hakuna mfugaji aliyekusudia kuchafua ziwa, wala hakuna banda moja ambalo lingefungwa leo na maji yakawa safi kesho. Hata hivyo ninashikilia kwamba kosa lipo, tena ni kosa la kimaadili kwa maana kamili ya neno hilo. Halimo katika tendo la mfugaji huyu au yule. Limo katika kumtenganisha mnyama na shamba, na wote walioamua utengano huo au kunufaika nao wana sehemu yao ya kulibeba.

Ili tuelewe kinachopotea, tutazame kwanza yanayotokea ndani ya banda. Nguruwe hubakiza mwilini takriban theluthi moja tu ya nitrojeni iliyomo katika chakula chake; iliyobaki huitoa, na sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo kama urea. Mkojo ukichanganyika na kinyesi, kimeng'enya kilichomo katika kinyesi huivunja urea na kuwa amonia, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Amonia ikiachwa wazi hupaa. Samadi ya majimaji ikimwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu kubwa ya amonia yake huweza kuondoka kabla siku moja haijaisha. Hewani hukutana na asidi zinazotokana na moshi wa viwanda na magari, ikawa vumbi laini linaloingia mapafuni. Isiyopaa hugeuzwa na bakteria kuwa nitrati, inayozama hadi kwenye visima au kutiririka hadi mitoni. Sehemu nyingine hutoka kama oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kila kilo yake hupasha joto dunia mara 273 kuliko kilo ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka mia moja. Yaani chembe ileile ambayo ingekuwa protini katika punje ya ngano inakuwa kikohozi mahali pengine, mwani ziwani kwingine, na joto kwa kila mtu.

Haikuwa hivyo tangu zamani, angalau si kwa kiwango hiki. Mwanasayansi wa udongo kutoka Marekani, Franklin Hiram King, alisafiri China, Korea na Japani mwaka 1909, na kitabu chake kilichotoka 1911 kiliandika kwa mshangao jinsi wakulima wa huko walivyorudisha shambani karibu kila kitu: kinyesi cha watu, cha wanyama, majivu, hata tope la mifereji. Nguruwe wa nyumbani alikula makombo, pumba na majani ya viazi vitamu, naye alithaminiwa kwa samadi yake sawasawa na nyama yake. Mao Zedong mwenyewe aliandika mwaka 1959 akihimiza ufugaji wa nguruwe kwa sababu hiyohiyo, akimlinganisha kila nguruwe na kiwanda kidogo cha mbolea. Kisha katika miaka ya 1970 China ilinunua kutoka nje viwanda vikubwa vya amonia, na baada ya mageuzi ya kiuchumi ya 1978 mbolea ya viwandani ikawa rahisi kupatikana, vijana wakahamia mijini, na nguruwe wakahamishwa kutoka ua wa nyumba kwenda mabanda makubwa yasiyo na shamba lolote. Siku hizi wanalishwa mahindi na mashudu ya soya, na soya nyingi hutoka Brazili na Marekani. Nitrojeni iliyonaswa katika ardhi ya Mato Grosso, huko Brazili, inashuka bandarini China, inapita tumboni mwa nguruwe, na hairudi tena ilikotoka.

Mwaka 2014 watafiti wa China na Uholanzi walichapisha hesabu ya mabadiliko haya kuanzia 1960 hadi 2010, na matokeo yake yanastahili kutafakariwa na yeyote anayejali falsafa. Katika ngazi ya mnyama, ufanisi wa kutumia nitrojeni uliongezeka kutoka asilimia 18 hadi 28: mbegu bora, chakula bora, tiba bora. Lakini katika mfumo mzima, unaohesabu chakula, mnyama na samadi kwa pamoja, ufanisi ulianguka kutoka asilimia 46 hadi 11. Kila aliyekabidhiwa sehemu yake aliifanya vizuri zaidi kuliko baba yake. Mtaalamu wa mbegu alifaulu, mtaalamu wa lishe alifaulu, mjenzi wa banda alifaulu, na jumla ya mafanikio yao ikawa hasara. Hapa ndipo dhana yetu ya wema inapojaribiwa, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kila mtu akitimiza wajibu wake mahali pake, jamii itakuwa salama. Hesabu hii inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Jambo muhimu kuliko yote, yaani kurudi kwa samadi shambani, halikuwa wajibu wa mtu yeyote; lilikuwa uhusiano kati ya vitu viwili, na uhusiano huo ulipokatwa hakukuwa na mfanyakazi wa kuripoti kwamba kuna kitu kimevunjika. Israfu, basi, si kutumia kingi tu. Mtu anaweza kutumia kidogo kwa kila kilo ya nyama na bado akawa mbadhirifu, ikiwa amekata njia ambayo kitu kilikuwa kikirudi.

Atakayepinga atasema: pasipo nia hapana dhambi, na mfugaji mmoja mwenye nguruwe mia mbili hajamdhuru mtu yeyote kwa namna inayoweza kupimwa. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilijadili jambo la aina hii mwaka 1984, akaonyesha kwamba tendo laweza kuwa baya hata kama peke yake halimdhuru mtu kwa kiasi kinachohisika, iwapo ni sehemu ya matendo ambayo kwa pamoja yanaumiza. Ninakubaliana naye, lakini naona anaishia njiani, kwa sababu hoja yake inamrudisha kila mtu kwenye tendo lake dogo na kumwacha ajilaumu bila njia ya kutokea. Mfugaji asiye na shamba hawezi kuirudisha samadi ardhini hata akitubu kila asubuhi. Aliyeamua kwamba banda lijengwe mbali na mashamba, aliyepanga ruzuku ya mbolea ya viwandani hadi ikawa rahisi kuliko kubeba samadi, na mlaji anayetaka nyama kwa bei isiyolipia uchafu wake, hao wana uwezo ambao mfugaji hana. Nia nayo ina umri. Mwaka 2007 mwani uliofunika Ziwa Taihu uliharibu maji ya bomba ya mji wa Wuxi, na ingawa uchafu wa viwanda na wa majumbani ulichangia, mashamba na mifugo vilikuwemo. Mwaka 2010 sensa ya kwanza ya kitaifa ya vyanzo vya uchafuzi ilitangaza kwamba zaidi ya nusu ya nitrojeni inayoingia majini inatoka kwenye kilimo na mifugo. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema hakujua. Baada ya hapo, kutojua kulihitaji juhudi.

Pingamizi la pili lina werevu zaidi. Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa. Kinachopaa kinarudi kilikotoka. Basi ni nini kilichopotea? Kilichopotea ni hali yake. Nitrojeni ya hewani imejifunga kiasi kwamba mmea hauwezi kuitumia mpaka bakteria au kiwanda kiifungue, na tangu kiwanda cha kwanza cha Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kazi hiyo imekula gesi asilia na makaa kwa wingi. Takriban nusu ya binadamu walio hai leo wanakula kutokana na nitrojeni iliyopatikana kwa njia hiyo. Anayeiacha ipae anateketeza nishati iliyoifungua, kisha anateketeza nyingine kutengeneza mbadala wake. Na haipai moja kwa moja ikawa hewa safi. Njiani inapitia mapafu na visima vya watu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wenye njaa. China ilipita katika njaa kuu ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu, na kizazi kilichokumbuka njaa hiyo kina haki ya kuufurahia mlo wenye nyama bila kuhubiriwa na walioshiba. Pia mfumo wa zamani haukuwa pepo. Kubeba kinyesi mabegani ni kazi inayovunja mgongo, kinyesi kibichi kilieneza minyoo na kichocho, na hata lundo la mboji lililoachwa bila kufunikwa hupoteza nitrojeni nyingi. Nayakubali yote haya. Lakini hoja yangu haitaki mtu arudi kwenye ndoo na mti wa begani. Inataka shimo la samadi lifunikwe, samadi ipenyezwe ndani ya udongo badala ya kurushwa juu yake, na tope linalobaki katika mtambo wa bayogesi lisiachwe wazi, kwa sababu mtambo hutoa gesi tu na kuacha karibu nitrojeni yote ndani, tena katika umbo lililo tayari kupaa. Wala samadi ikiachwa ovyo hailindi mlo wa mwenye njaa, kwa kuwa maskini ndiye anayekunywa maji ya kisima.

Kwa msomaji Mwislamu lipo swali jingine: nguruwe ni haramu na najisi, basi samadi yake inamhusu nini? Naona inamhusu. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, waliruhusu ardhi irutubishwe kwa kinyesi kilicho najisi ingawa waliona karaha, na Wahanbali wakawa wakali zaidi kuhusu mazao yake. Najisi ya nguruwe ni nzito zaidi na wenye elimu wana maneno yao juu yake. Lakini hukumu ya unajisi inahusu mwili wa anayeigusa na ibada yake. Haifuti kanuni inayokataza kudhuru, wala haimwondolei mtu amana ya maji na ardhi ambayo Waislamu na wasio Waislamu wanaitumia pamoja. Wakristo nao wana amri katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inayomtaka mtu atoke nje ya kambi, achimbe na kufukia kinyesi chake, na sababu inayotolewa pale ni utakatifu wa mahali ambapo Mungu hutembea kati ya watu. Kinyesi, katika mapokeo yote mawili, ni jambo la ibada kabla hakijawa jambo la idara ya mazingira.

China imeanza kutunga sheria. Kanuni ya kuzuia uchafuzi wa ufugaji mkubwa ilianza kutumika Januari 2014, mwaka 2017 serikali ikaweka lengo la kutumia tena angalau asilimia 75 ya samadi ifikapo 2020, na mwaka 2018 ukatolewa mwongozo wa kupima idadi ya mifugo ambayo ardhi ya eneo fulani inaweza kuibeba. Huo wa mwisho ndio unaogusa kiini, kwa kuwa unamhesabu tena mnyama pamoja na shamba. Ulaya ilifika hapo mapema zaidi: tangu 1991 ina kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta katika maeneo yaliyo hatarini. Hata hivyo mwaka 2022, mjini Ezhou katika jimbo la Hubei, lilianza kutumika banda la nguruwe la ghorofa 26. Samadi ya majimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na gharama ya kuisafirisha hupanda kwa kila kilomita. Mwenye jengo kama hilo anapaswa kuulizwa, kabla ya kibali, mashamba yatakayoipokea yako wapi, na ni nani atakayelipa lori.