Kiduha Chini ya Udongo

Soma Waebrania 12:12–15, Luka 13:6–9.

Mkulima wa Kyela, mkoani Mbeya, hahitaji kuelezwa kiduha ni nini. Ni gugu dogo lenye ua jekundu, tena zuri, linaloota katikati ya mahindi au mpunga wa nchi kavu. Ua likionekana, mazao yamekwisha kudumaa na majani kuwa ya njano, kana kwamba yamekosa maji, hata kama mvua imenyesha jana.

Kazi yake huifanya chini. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, nazo zaweza kulala udongoni miaka 10 na zaidi. Mvua peke yake haiziamshi. Huamka zinapopata kemikali inayotoka katika mzizi wa mahindi ulio karibu. Ndipo chipukizi hujishikiza kwenye mzizi huo, hupenya hadi kwenye mishipa yake, na kufyonza maji, madini na sukari. Hukaa hivyo kwa majuma kadhaa kabla ya kuchomoza. Madhara makubwa hutokea wakati huo, mkulima akiwa hana cha kung'oa.

Jambo la kufikirisha ni hili: mzizi hautoi kemikali ile kwa ajili ya kiduha. Huitoa kuwaita kuvu wa udongoni ambao huusaidia mmea kupata fosforasi. Udongo ukiwa maskini, mzizi huita zaidi, na adui husikia wito uleule. Kwa hiyo mashamba yaliyochoka ndiyo yanayoteseka sana.

Waebrania inaonya juu ya shina la uchungu, lakini angalia mpangilio wake. Inaanza na mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza. Kisha inataja mtu kupungukiwa na neema. Ndipo shina linachipuka.

Makanisa mengi husubiri ua. Baraza huitwa mshiriki anapoonekana kilabuni. Lakini mjane aliyekosekana Sabato tatu, asitembelewe na mzee wala shemasi, alikuwa akiita siku zote hizo. Haja yake ilikuwa halali: alitaka mtu wa kusali naye. Wa kwanza kuitika alitoka kwingine.

Mtunza shamba wa Luka 13 hakuomba shoka. Aliomba mwaka mmoja zaidi, apalilie na kutia samadi. Majaribio yaliyofanywa Kyela yalionyesha kwamba marejea ikifukiwa udongoni kama mbolea, mpunga hustawi na kiduha hupungua. Kung'oa bado kunahitajika, tena kabla ua halijazaa mbegu, na nidhamu ya kanisa ina mahali pake. Ila anayeng'oa bila kulisha udongo atang'oa tena msimu ujao.

Kwa majadiliano: Ni nani wa darasa lenu hajaonekana mwezi huu? Nani atakwenda kwake kabla ya Sabato, naye atamchukulia nini?