Ukarimu wa Ratiba

Wengi wanaofika Upper Hill kwa mara ya kwanza hawaji kutazama maghorofa. Wanakuja Hospitali Kuu ya Kenyatta, bahasha ya eksirei kwapani, wametoka Busia au Kisii kwa basi la usiku. Mgeni wa namna hiyo huonjeshwa wema wa Nairobi na ukali wake kwa safari moja. Makanga wa matatu atampokea mzigo na kumwambia, "Mama, ingia, nitakushukisha getini," na kweli atamshukisha getini. Lakini mvua ikianza kunyesha nauli inapanda, na asiyejua bei ya jana hana la kubishia. Mwenyeji atateta, au atashuka angoje gari jingine. Mgeni atalipa.

Jambo hili lilinikaa kichwani niliposafiri kwa treni Ujerumani, nchi ambayo sina ndugu wala jamaa. Mwendo wa kasi nilikuwa nimeusikia tangu zamani, haukunishtua. Kilichonishtua ni jinsi safari yote ilivyopangwa kwa ajili ya mtu asiyejua lolote. Kwenye jukwaa la stesheni kuna mchoro wa treni nzima, behewa kwa behewa, na juu yako zimening'inizwa herufi: simama chini ya C, na behewa lako litasimama karibu na hapo. Ndani, juu ya kiti, maandishi madogo yanakuambia kwamba kiti hiki kimewekwa kutoka Köln hadi Frankfurt. Ukipandia Frankfurt, keti, hakuna wa kukuinua. Langoni hukaguliwi. Unapanda kwanza, mkaguzi wa tiketi anapita baadaye. Nilivuka nusu ya nchi bila kumuuliza mtu njia, na bila mtu kuniamkia.

Ujerumani si peponi. Mwaka 2024, ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na Wajerumani huwalalamikia wenye reli yao kama sisi tunavyolalamikia msongamano wa magari. Ila huko kuchelewa kuna bei. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, abiria akifikishwa anakokwenda akiwa amechelewa dakika 60 anaweza kudai robo ya nauli yake. Dakika zikifika 120, anadai nusu. Zipo sababu zinazosamehewa, na ipo fomu ya kujaza. Lakini fomu hiyo haiulizi wewe ni wa kabila gani, wala kama utarudi tena. Mpita njia wa wiki moja ana haki sawa na aliyezaliwa pale.

Sisi tumelelewa kuuona ukarimu kama kazi ya moyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: anakaribishwa, anapewa maji, anasindikizwa hadi barabarani. Sitaki tuupoteze ukarimu huo, maana nimeona ukosefu wake. Treni ikifutwa Ujerumani, ubao utakueleza kila kitu isipokuwa pole. Hata hivyo moyo una mipaka yake. Unamfikia anayeonekana, aliyeletwa na mtu, anayejua jina la kutaja. Ndiyo maana kabla ya kwenda ofisi yoyote tunaulizana kwanza, "Pale unamjua nani?" Ratiba iliyoandikwa na kutimizwa ni ukarimu kwa yule ambaye hamjui yeyote.

Reli yetu haikuzaliwa na ukarimu huo. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, makao makuu yake yalihamishwa hapa kutoka Mombasa. Kilima hiki cha Upper Hill kikawa cha nyumba za maafisa Wazungu wa reli, na baadaye wafanyakazi Waafrika wakajengewa landhi kule bondeni Muthurwa. Mabehewa yalifuata mpango huohuo: kwa kawaida Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Saa za kuondoka ziliandikwa vizuri. Heshima ndiyo iliyogawanywa kwa mafungu.

Lakini si kweli kwamba hatuwezi kutimiza ratiba. Treni ya Madaraka Express imekuwa ikienda Mombasa tangu 2017. Treni ya saa tisa alasiri huondoka saa tisa. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500, na Desemba, mabasi yanapopandisha nauli kwa kuona tu wingi wa watu, treni haipandishi. Mtalii na mwalimu anayerudi kwao Kwale hulipa sawa. Kweli, pale Syokimau tunapanga mizigo chini kwa mstari, mbwa wainuse, ndipo tuingie. Nchi iliyoshambuliwa mara kadhaa ina sababu ya kukagua kwanza.

Na katika stesheni kuu, chini ya kilima hiki, kuna treni za abiria wa jijini zilizokuwa zikifanya kazi katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Kenya ilizinunua mwaka 2020, na zilitufaa kwa kuwa reli ya kule ina upana wa mita moja kama yetu ya zamani. Kwa hiyo treni ya Ulaya tunaweza kuipata mtumba, kama koti la Gikomba. Kutimiza neno hakuuzwi mtumba. Kila jamii hujishonea lake, kwa kipimo chake.

Na kushona kwenyewe hakungoji mkopo mwingine wa China, kama ule uliojenga reli ya Madaraka Express. Kuandika nauli kwenye mlango wa matatu na kuiacha ilivyo mvua inaponyesha ni kazi ya kalamu na nia. Kuweka mshale na maandishi yanayosomeka ukutani mwa hospitali, ili mgonjwa asitegemee huruma ya bawabu, ni kazi ya mchana mmoja. Ugumu uko kwingine. Faida rahisi kuliko zote ni ile inayochumwa kwa asiyejua bei, na wengi wetu, si makanga peke yao, tumeizoea. Anayeiacha humpunguzia mgeni mzigo, hata kama hatawahi kukutana naye wala kusikia ahsante yake.