Andrea na Kijana Mwenye Mikate

Yohana 6:1–13



Tukisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili, tunamkumbuka kijana mwenye chakula, Andrea tunampita. Kumbe katika umati ule wa watu elfu tano, Andrea ndiye aliyemwona kijana na kumtaja mbele ya Yesu. Tena alimtaja huku ana shaka kama chakula kile kingefaa kitu. Ndiyo kazi yake huyu: hata Petro ni yeye aliyemleta kwa Yesu.

Nchini kwetu pia yupo kijana aliyepata wa kumsikiliza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba Sekondari, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friji, akaweka maziwa yake yangali ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu kule Dar es Salaam aliyewatembelea, kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda. Darasa likaangua kicheko. Osborne naye hakuamini, ila aliporudi chuoni alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu: maji ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi!

Lakini si kila kijana hupata nafasi ya kuuliza kama Mpemba. Wanachuo wetu wengi wa shahada ya kwanza hufika mwaka wa tatu hawajui kwamba mhadhiri wao ana mradi wa utafiti unaohitaji watu wa kupeleka madodoso vijijini, kuingiza data, kuosha vyombo vya maabara. Nafasi hizi ni nadra kubandikwa ubaoni. Huzipata anayejua kuuliza, na mara nyingi huyo ni mtoto wa waliosoma. Mimi siiti hiyo bahati.

Mwanafunzi, kabla ya kubisha hodi, soma andiko moja la mhadhiri huyo. Nenda na swali lako, na useme unachoweza, hata kama ni Kisukuma cha nyumbani. Dodoso asilolielewa mkulima linamsaidia nani?

Nanyi wahadhiri mnaosali nasi, shaka zenu nazielewa. Osborne alikuwa nazo. Lakini makala aliyoandika na Mpemba ilipochapishwa mwaka 1969, kijana huyo akiwa anasomea wanyamapori chuo cha Mweka, jina la mwanafunzi ndilo lililotangulia.

Jumapili hii baada ya ibada, naomba mbaki kwenye chai. Vijana wa mwaka wa pili nimewaambia waje na maswali yao.