Nani Alale Pakavu?

Mvua ikinyesha usiku nyumbani, mwenye paa zuri hugeuka upande wa pili akaendelea kulala. Hana haja ya kujiuliza kama paa lile ni haki yake. Swali la haki humjia mtu akiwa kambini, porini au mlimani, mahema yakiwa machache na maji yakiwa mengi. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na katika masomo ya maadili tulizoea kutumia mifano mikubwa ya haki: mashamba, mirathi, kura. Sasa nimestaafu na nina nafasi ya kuwaza, naona mfano wa kambi iliyonyeshewa ungetufaa zaidi. Ndani ya hema hakuna hakimu, na shauri haliwezi kuahirishwa hadi wiki ijayo.

Lakini kabla ya kufika huko, tulitazame neno moja ambalo wasafiri hulipenda sana: ghafla. Mvua ilitukuta ghafla. Upepo ulivuma ghafla. Ukichunguza, mara nyingi ghafla hiyo ni ya mgeni peke yake. Milima ya Uluguru, kwa mfano, upande wake wa mashariki hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima, hupanda, hupoa, na kumwaga maji yake hapo hapo. Upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, huwa mkavu zaidi. Basi mtu akianza safari Mgeta mwezi wa Julai, katika kipupwe, njia ikiwa na vumbi, akapanda hadi uwanda wa Lukwangule ulio zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huwa amefika kwenye mpaka wa hali mbili za hewa, na mpaka huo hauna kibao. Wakati mwingine hata mvua yenyewe huioni. Septemba 2019, katika bonde la Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko yaliyotokana na mvua ya huko juu yalishuka na kuua watalii waliokuwa wakitembea katika mkondo uliokuwa mkavu.

Nakubali, hata hivyo, kwamba hakuna binadamu anayeweza kuyajua mawingu yote. Ninachokataa ni kuliruhusu neno ghafla lifunike mambo mengine. Mvua yaweza kuja ghafla. Idadi ya watu waliomo safarini haiji ghafla. Tuliijua tangu siku ya kuondoka.

Julai 1977 tulipanda huko Lukwangule na wanachuo wa jiografia. Tulikuwa wakufunzi 3 na wanachuo 24. Tulikuwa na mahema 5 ya turubai, ya kuazima, kila moja la watu 6. Hesabu ilitosha na kubaki. Vijijini tuliajiri wapagazi 4 wa kutubebea mahema, sufuria na unga. Usiku wa pili mvua ilianza kama rasharasha, ikafuatwa na upepo uliong'oa vigingi, na kabla ya saa nne mahema mawili yalikuwa yamelala chini, moja likiwa limechanika kutoka nguzo hadi pindo. Watu wote 27 wakajazana katika mahema 3. Mimi nilikuwa mkufunzi mdogo kuliko wote, na kazi yangu ilikuwa taa ya chemli na chakula.

Wapagazi walikuwa wamejifunika karatasi ya nailoni kando ya mwamba.

Mwanachuo mmoja, msichana aliyekuwa hodari wa hisabati, akamwuliza mkuu wa msafara kwa heshima zote: "Samahani, Mwalimu, mbona tunajihesabu 27? Tulikula watu 31." Mkuu wa msafara hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwamba makubaliano yalikuwa kubeba mizigo, kwamba fedha za kukodi mahema zilichangwa na wanachuo, na kwamba watu wale ni wenyeji, wamezoea.

Majibu hayo matatu nimeyatafakari mara nyingi, maana ndiyo yanayotolewa hadi leo, mlimani na kwingineko.

La makubaliano lina uzito wake, lakini makubaliano yaliandikwa kwa ajili ya siku za kawaida. Hakuna mpagazi aliyekubali kufa kwa baridi kwa ujira wa siku 3, na hakuna mwajiri ambaye angethubutu kuliandika sharti hilo. La mchango nalo ni halali hadi mahali fulani. Aliyechangia hema ana haki ya kuingia. Sioni inakotoka haki ya kulala amenyoosha miguu wakati mwenzake analowa. Mahema yaliharibika kwa wote waliochanga, na hakuna aliyesema kwamba wenye mahema yaliyoanguka wabaki nje kwa kuwa sehemu yao imechanika. Kati yao walijua kugawana. Walichokuwa hawajakijua ni mpaka wa neno "sisi".

Jibu la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanana na sifa. Wamezoea. Mlima Kilimanjaro wapagazi huitwa "wagumu", na wenyewe hulitumia jina hilo kwa fahari, kama wanavyostahili. Lakini fahari ya mtu ikiingia kinywani mwa mwajiri hugeuka kuwa ruhusa: mgumu hahitaji koti, mgumu atalala katika hema la kulia chakula wageni wakishamaliza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walijua kwamba macho hayapimi uzito.

Na mwili haujui sifa. Maji huondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa kavu, kwa hiyo mtu aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kuuawa na baridi hata mahali ambapo maji hayagandi. Kwanza hutetemeka, kisha huanza kujikwaa na kuzungumza kama mlevi. Anayetetemeka mwili wake bado unapigana. Akinyamaza na kutulia huku bado ana baridi, msifurahi. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa vitu vikavu, mwekeni kati ya watu wenye joto, na akiweza kumeza mpeni kitu cha moto chenye sukari. Pombe asipewe kabisa.

Usiku ule mzee mmoja kati ya wapagazi alikuwa amefikia hatua ya kujibu maneno nusu nusu. Mkuu wa msafara alimulika uso wake kwa taa, akaacha mabishano. Msichana yule ndiye aliyepata njia. Alisema mtu aliyelala anachukua nafasi ya watu wawili waliokaa. Tukakaa, mgongo kwa mgongo, magoti kidevuni, watu 10 au 11 katika kila hema, yule mzee katikati akiwa na blanketi la mkufunzi. Hakuna aliyelala hata dakika moja. Palinuka sufi, moshi na miguu. Alfajiri mzee aliomba chai, tukajua amepona.

Wenzangu niliowasimulia huniambia ilikuwa busara, kwani wapagazi ndio waliojua njia ya kurudi, na bila wao tungepotea kwenye ukungu. Ni kweli, ndio waliotushusha. Lakini sipendi hoja hiyo isimame peke yake. Kama njia ingekuwa barabara ya lami, mzee yule angekuwa na haki ndogo zaidi ya kukaa pakavu? Mwenye kuhesabiwa kwa faida yake, faida ikiisha atafutwa katika hesabu.

Mambo yamebadilika kiasi. Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani, na kikomo kimewekwa kuwa kilo 20. Tangu 2003 kumekuwapo Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, ambao huwaazima nguo za baridi bila malipo. Hayo ni mema, ingawa nashangaa kwamba koti la mfanyakazi lilihitaji kuazimwa badala ya kuwa sehemu ya gharama ya safari.

Vijana wa ukoo wetu wanaokwenda kupiga kambi hunijia wakiuliza hema gani ni imara. Ya mahema sijui sana. Huwaambia wachukue karatasi, waandike jina la kila atakayekuwapo usiku, mpishi, mpagazi na mlinzi wa vyombo, kisha ndipo wahesabu mikeka. Dereva naye aandikwe. Kiti cha lori si kitanda.